Lundo letu la mboji limegeuka nyumba ya mchwa

Shikamoo shangazi. Sisi ni kikundi cha akina mama 12 hapa Newala. Mwezi wa nane tulirundika majani ya mikorosho, mabua na maganda ya mbaazi, tukamwagia majivu. Sasa ni mwezi wa kumi, majani yako vilevile na mchwa wamejenga humo. Maji tunanunua kwa ndoo. Tufanyeje?
Mama wa kikundi, Newala

Marahaba mwanangu. Lundo hilo msilichome moto, nakusihi. Mmerundika vikavu vitupu, na kikavu hakiozi. Mchwa nao hupenda palipokauka. Pakilowa na kupata joto, wanahama.

Maji mnayo, yamelala chini ya mikorosho yenu. Katika kilo 10 za mabibo, yale matunda ya mkorosho, zaidi ya 8 ni maji. Msimu huu mnaokota korosho, mabibo mnawaachia nzi. Huwa inaniuma sana nikiona.

Chimbeni shimo kivulini, kina cha kufika kiunoni, maana juu ya ardhi upepo utawakaushia. Majani ya mkorosho ni magumu, yakatekateni kwa panga. Tandikeni makavu, kisha mabibo yaliyopondwa, samadi ya mbuzi au kuku, udongo kidogo, halafu makavu tena, hadi shimo lijae. Mabibo yasizidi makavu, yatachacha na kunuka. Hata machicha ya uraka, ile pombe ya mabibo, yanafaa. Majivu nyunyizeni konzi moja moja juu ya mabibo, siyo juu ya samadi, kwani yanaifukuza nguvu yake hewani. Maganda ya korosho yenyewe msitie kabisa, mafuta yake yanababua mikono. Funikeni kwa nyasi.

Chomekeni fimbo ndefu katikati. Siku ya tano ichomoeni, mshike ncha. Ikiwa ya moto na ina unyevu, mambo yanakwenda. Ikiwa baridi na kavu, ongezeni mabibo. Ikiwa baridi na inanuka, ongezeni makavu. Geuzeni kila baada ya wiki 2.

Msiwe na haraka. Mimi mwaka wa kwanza nilitia mboji ingali na joto kwenye tuta la mchicha, majani yakawa ya njano tuta zima, nikang'oa yote. Ngojeeni iwe nyeusi, ipoe, inukie kama udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza. Mkianza wiki hii, mwezi wa kwanza mtaitia kwenye mahindi, konzi mbili kila shina.