Maswali na majibu: Safari ndefu ya kampa huanzia kwa daktari wa mbwa

Barua za mwezi huu zimejaa kampa, yale magari ya kulala na kupikia ndani: Fiat au Mercedes, sola wati ngapi, choo cha aina gani. Nyingi nimeziweka kando. Nimechagua zile zenye mbwa ndani yake, maana kosa la gari hurekebishwa gereji, lakini tarehe ya chanjo iliyokosewa hairudishwi nyuma na fundi yeyote.

Mimi na mume wangu tuna pasipoti za Tanzania na vibali vya kuishi Ujerumani. Tunataka kuzunguka Ulaya mwaka mzima na mbwa wetu. Tununue kampa gani? (Msomaji, Munich)

Dada, gari liache kwanza. Kibali chako kinakuruhusu kukaa katika nchi nyingine za Schengen (zile za Ulaya zilizofutiana ukaguzi wa mipakani) siku 90 ndani ya kila siku 180, zote zikijumlishwa. Si 90 za Ufaransa, kisha 90 nyingine za Hispania. Siku unazokaa Ujerumani hazihesabiwi humo. Na ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 bila ofisi ya wageni kukuongezea muda, kibali chenyewe kinaweza kufa hata kama tarehe iliyochapishwa juu yake bado iko mbali. Nyongeza hiyo huombwa kabla ya kuondoka, wala si kwa simu ukiwa Algarve, kusini mwa Ureno.

Kwa hiyo mwaka wenu ugaweni. Ondokeni Machi mwende kusini, mrudi mwishoni mwa Mei. Kiangazi kaeni Ujerumani, kwenye maziwa na misitu. Septemba tokeni tena. Ratiba hii imelazimishwa na uhamiaji, lakini ndiyo hiyo hiyo ambayo mbwa angeichagua, kwa sababu Andalusia ya Julai, kule kusini mwa Hispania, haimfai mnyama mwenye manyoya.

Jambo moja hamkuuliza: kadi yenu ya bima ya afya ya Ulaya. Kwa raia wa nchi zisizo za Umoja wa Ulaya, kadi hiyo haifanyi kazi Denmark, Norwei, Aisilandi, Liechtenstein wala Uswisi. Mkienda huko, kateni bima ya safari.

Mbwa amechanjwa kichaa jana kwa mara ya kwanza. Jumamosi tunavuka kwenda Ufaransa. Mpakani watatusumbua? (Msomaji, Antwerp)

Jumamosi hamwendi. Chanjo ya kwanza inahitaji siku 21 ndipo ihesabike, na mbwa awe ametimiza wiki 12 siku anayochomwa. Chipu ya utambulisho iwekwe kabla ya sindano au siku ile ile; sindano ikitangulia chipu, chanjo ile haihesabiki na mtaanza upya. Mkichelewa kurudia chanjo, hata kwa siku moja, inahesabiwa kuwa ya kwanza na siku 21 zinaanza tena.

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara linamalizikia kwenye "mpakani watatusumbua?" Mpaka wa Ubelgiji na Ufaransa pengine hamtaona askari hata mmoja. Suala ni siku mbwa wenu atakapomng'ata mtoto wa jirani kwenye maegesho, na daktari akafungua pasipoti ya mbwa akakuta chanjo haina nguvu. Hapo mtayaona makali ya sheria, na atakayefungiwa ni mbwa.

Tunafikiria kukimbilia Moroko majira ya baridi. Tuna pasipoti ya mbwa ya Umoja wa Ulaya, chanjo zote ziko sawa. Kuna kingine? (Mama wawili, Rotterdam)

Kipo, na ndicho kinachowaliza watu Algeciras, bandari ya Hispania ya kuvukia Moroko. Kwenda ni rahisi. Kurudi ndiko kwenye shida. Moroko haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaziamini kwa kichaa cha mbwa, na Uturuki vile vile. Mbwa akitoka huko kurudi Ulaya lazima awe na kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba kingamwili zimefika walau uniti 0.5 kwa mililita. Damu itolewe si chini ya siku 30 baada ya chanjo, na ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa.

Sasa sikiliza vizuri. Kama kipimo kimefanyika mkiwa bado Ulaya na daktari akakiandika kwenye pasipoti kabla hamjavuka bahari, mnarudi siku yoyote mnayotaka. Mkikisahau, damu ikatolewa huko, mnasubiri miezi 3 tangu siku ilipotolewa. Miezi 3 hiyo mtailala Moroko, au mmoja wenu ataondoka na watoto na mwingine abaki na mbwa. Kipimo ni cha mara moja tu, mradi chanjo isikatike tena. Ndiyo maana nawaambia wote wenye ndoto ya safari ndefu wakifanye mapema, hata kama Moroko haimo kwenye ramani yao. Ramani ya kampa hubadilika kila mvua inaponyesha siku tatu mfululizo.

Halafu kuna jambo linaloniuma. Kwenye fukwe za kule mtawakuta watoto wa mbwa wa mitaani, wamekonda, wanawafuata hadi mlangoni. Walisheni, na mkiweza wachangieni wanaowachanja. Msiwafiche kabatini mkavuka nao. Mwaka 2004 mtoto wa mbwa aliyeingizwa Ufaransa kinyemela kutoka Moroko alifia eneo la Bordeaux kwa kichaa, na mamlaka zikahangaika kuwasaka watu na wanyama waliomgusa. Kichaa kikishaonyesha dalili ni kifo, kwa mbwa na kwa binadamu. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa hilo.

Nataka kumleta mbwa wangu kutoka Arusha aungane nami kwenye safari. Inachukua wiki ngapi? (Msomaji, Lyon)

Si wiki, ni miezi. Tanzania nayo haimo kwenye orodha, kwa hiyo hesabu ni ya jibu lililopita: chipu, chanjo, siku 30, damu, kisha miezi 3. Mwishoni daktari wa serikali anatia sahihi cheti, na mbwa aingie Ulaya ndani ya siku 10. Anza sasa kwa safari ya baada ya miezi 5.

Mbwa wangu ana pasipoti ya buluu iliyotolewa Leeds mwaka 2018. Bado inafaa? (Msomaji, Leeds)

Hapana, tangu 1 Januari 2021. Kila safari unahitaji cheti kipya cha afya ya mnyama, na unaingia Umoja wa Ulaya ndani ya siku 10 tangu kitolewe. Wakati wa kurudi, dawa ya minyoo tegu apewe na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia Uingereza, na iandikwe kwa tarehe na saa. Sharti hilo lipo pia Ireland, Malta, Ufini na Norwei. Kidonge ulichompa mwenyewe hakihesabiki.

Dawa ya kupe inatosha kwa Hispania na Italia? (Msomaji, Hamburg)

Haitoshi, na hapa nitakaa kidogo.

Mbwa wangu wa kwanza wa safari alikuwa Simba, jike mweusi mwenye kifua cheupe. Tulikaa naye kusini mwa Hispania tangu Mei hadi Septemba. Alikuwa na dawa ya kupe, dawa ya viroboto, chanjo zote. Jioni tulikaa nje kwa sababu ya joto, naye alilala kwenye mchanga chini ya kiti changu. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tukiwa nyumbani, alianza kukonda, manyoya yakamtoka kuzunguka macho, kucha zikarefuka ovyo. Daktari wa kwanza alisema ni mzio. Wa pili aliuliza, "Huyu amewahi kwenda kusini?" Ilikuwa leishmania, na figo zilikuwa zimeshaharibika. Nilimzika mwezi wa Novemba.

Ugonjwa huu ni ndugu wa kala-azar wanaoujua watu wa Baringo na Turkana. Huletwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, asiye na mlio. Yupo Hispania, Ureno, kusini mwa Ufaransa, Italia na Ugiriki, na huuma tangu jua linapozama hadi alfajiri katika miezi ya joto. Dawa nyingi za kupe, hasa vidonge, humuua mdudu baada ya kuuma. Kwa usubi mnahitaji kitu kinachomfukuza kabla: kola yenye deltamethrin, au dawa ya matone yenye permethrin (permethrin ni sumu kwa paka, kama mnaye garini). Kola ivaliwe wiki mbili kabla ya kufika. Ipo na chanjo. Jadilianeni na daktari. Na magharibi mbwa aingie ndani, madirisha yawe na wavu wenye matundu madogo sana, kwa sababu wavu wa mbu usubi hupita. Mkisharudi, mpimeni damu baada ya miezi 6, na tena mwaka unaofuata, hata akiwa anaruka kwa afya.

Bonde la mto Po nchini Italia lina mbu wanaoeneza minyoo ya moyo, na hiyo huzuiwa kwa kidonge cha kila mwezi. Na mkiwa Hispania, Ureno au kusini mwa Ufaransa kati ya Januari na Aprili, tazameni juu kwenye misonobari. Mkiona viota vyeupe kama pamba, ondokeni. Viwavi wa humo hushuka chini wakatembea kwa msururu, na mbwa akimlamba mmoja ulimi huvimba na unaweza kuoza. Msuuzeni mdomo kwa maji mengi bila kusugua, vaeni glavu, kimbieni kwa daktari muda huo huo.

Leseni yangu ni daraja B. Kampa ya kilo 3,500 itatutosha watu wawili na mbwa wa kilo 40? (Msomaji, Graz)

Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye mizani, mara nyingi hapana. Uzito wa gari ulioandikwa na kiwanda umemhesabu dereva mmoja wa kilo 75, na maji huwekwa lita 20 tu kwenye hesabu nyingi, ilhali tangi lako ni la lita 100. Ongeza mke, mbwa, mfuko wake wa chakula wa kilo 15, baiskeli mbili, kivuli cha pembeni, betri ya pili. Umeshapita. Lipakie gari lote kama siku ya safari, mbwa akiwemo, ulipeleke kwenye mizani kabla ya kulipa hata senti ya mwisho. Gari lililosajiliwa juu ya kilo 3,500 linadai leseni ya C1, na huko kwenu Austria stika ya barabara kuu haitoshi tena. Utafunga kifaa cha kulipia kwa kilomita.

Tutaingia makumbusho saa moja tu. Mbwa abaki garini madirisha yakiwa wazi kidogo? (Wengi)

Hapana. Nje kukiwa nyuzi 24, ndani ya gari lililofungwa hufika 34 kwa dakika 10. Ingieni kwa zamu.

Sisi ni Waislamu kutoka Mombasa. Binti yetu ana mbwa wa kumsaidia, kwa sababu haoni vizuri. Sala itakuwaje ndani ya nafasi ndogo hivyo? (Baba, Birmingham)

Hukumu yenyewe mzee wangu, muulize sheikh unayemwamini, na umweleze kwamba mbwa yupo kwa haja ya mtoto. Mimi nasema la gari: chagua kampa ambayo mbwa ana mlango wake wa nyuma na sehemu yake yenye sakafu ya kuosha. Miswala na kanzu viwe kabati la juu, vyombo vyake viwe na beseni lao. Familia niliyosafiri nayo huswali nje, kando ya gari, pakiruhusu. Ndio walionifundisha kwamba nafasi ikigawanywa siku ya kwanza hakuna anayeudhika siku ya mia.

Mbwa wetu ana miaka 13. Tuahirishe hadi afe? (Msomaji, Göteborg)

Msiahirishe, fupisheni. Mpelekeni kwa daktari apimwe moyo, figo na viungo. Wekeni ngazi ya mteremko mlangoni, kwa sababu kidato cha kampa ni kirefu kwa nyonga za mzee. Endesheni saa mbili kwa siku, mkae wiki nzima mahali pamoja, penye kivuli na maji. Dawa zake chukueni za miezi 3 pamoja na cheti chenye jina la kemikali, kwa sababu jina la dukani hubadilika kila nchi. Na kila mnapofika mji mpya, kabla ya kutafuta mkate, tafuteni kliniki inayofungua usiku, muandike namba yake kwenye karatasi karibu na usukani.