Kwa binti wa Tanga anayetaka kulipwa kwa kucheza kiungo

Kiungo hapimwi kwa anachofanya akiwa na mpira. Ndani ya dakika 90 mpira unakaa mguuni kwako dakika mbili hivi, pengine pungufu. Muda wote uliobaki unasoma mchezo, unasogea, unaziba njia, unaita. Mabinti wanaotokea kwenye chandimu za Makorora, Mabawa na Ngamiani miguu wanayo: chenga zipo, danadana zipo. Kinachowarudisha nyumbani siku ya majaribio ni shingo. Hawaigeuzi.

Mpira ukiwa njiani kwenda kwa mwenzako, kabla hajaugusa, tupa jicho juu ya bega la kulia, kisha la kushoto. Akishautuliza na kuinua kichwa, wewe uwe umeshajua nani yuko mgongoni na nafasi iko upande gani. Akikupigia, tupa jicho tena mara moja, fupi tu, kwa kuwa mkabaji naye huanza kuja wakati huohuo mpira unasafiri. Wanaokosea wako wa aina mbili. Wapo wanaoangalia mapema mno, na pasi inapofika, mambo ya nyuma yao yameshabadilika. Wapo pia wanaozungusha kichwa kwa sababu kocha kapiga kelele, macho yakapita bila kuona kitu. Hawa wa pili ni wengi kuliko unavyodhani.

Zoezi lake halina gharama. Simama mita 8 kutoka ukutani, mwenzako asimame mita 6 nyuma yako. Piga mpira ukutani. Mpira unapokwenda, geuza shingo, yeye anyooshe vidole, nawe utaje idadi kwa sauti kabla mpira haujakurudia. Pasi 50 mguu wa kulia, 50 wa kushoto, bega la kuangalia likibadilika kila pasi. Siku za mwanzo utataja vidole sawasawa lakini mpira utakupita. Usipunguze kuangalia ili uukamate. Punguza nguvu ya pasi. Ukizoea, sogea hadi mita 5, na mwenzako badala ya kunyoosha vidole ahame kushoto au kulia, nawe utulize mpira kuelekea upande aliouacha.

Ukipokea, simama ubavu, usilitazame lango lako kifua wazi. Acha mpira upite mbele ya mwili na uupokee kwa mguu wa mbali, ule ulio upande wa lango la wapinzani. Mguso huohuo wa kwanza unakuwa umeshakugeuza. Lakini mkabaji akiwa karibu kiasi cha kukugusa kwa mkono, usigeuke. Weka mwili kati yake na mpira, rudisha pasi kwa aliyekupa, kisha toka pale uliposimama. Mpira ukipotelea katikati ya uwanja mabeki wako wanakuwa wametawanyika, pembeni wamepanda, na mshambuliaji wao anabaki na golikipa wako tu. Ndiyo maana kocha anayekutazama kwa mara ya kwanza husamehe pasi mbovu mbele ya lango lao, ila mpira ulioporwa hapo katikati anauandika kwenye karatasi yake.

Na sema. Maneno yawe mafupi: “Mtu!” mwenzako akiwa na mkabaji mgongoni, “Geuka!” akiwa peke yake, “Rudisha!” asipokuwa na njia. Sema wakati pasi iko njiani. Ukichelewa hadi ameshaigusa, unampigia kelele tu. Mabinti wengi wa kwetu wamelelewa kutopaza sauti mbele za watu, na mtu anaweza kucheza msimu mzima bila kutoa neno. Uwanjani, kiungo bubu ni nusu ya kiungo.

Kuhusu namba ya kucheza: karibu kila mmoja anataka 10, kiungo mshambuliaji, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Sisi tunashauri ujifunze 6, kiungo mkabaji, kwanza. Namba 6 hukufundisha kusimama. Hukai mstari mmoja na namba 8 wako, kiungo wa kati. Mnapishana kwa mshazari, mita 10 hadi 15, ili pasi moja ya wapinzani isiwatoe nyote wawili. Beki wa pembeni akipanda, unateleza kuziba uwazi alioacha. Golikipa wao akipiga mpira mrefu, usiende kugombea kichwa na beki wako, simama mita kadhaa kutoka kwake na uokote mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya kugombewa. Anayejua hayo akipewa 8 au 10 atacheza. Aliyelelewa kwenye 10 tu, akishushwa 6 anapotea, na timu yenye fedha kidogo inasajili anayeziba nafasi mbili.

Pumzi. Kiungo wa ngazi ya juu hukimbia takribani kilomita 10 kwa mechi, ila si kwa mwendo mmoja, ni mbio fupi, kusimama, kugeuka, mbio tena. Kuzunguka uwanja taratibu kwa saa nzima hakukuandai kwa hilo. Fanya vipande vinne vya dakika 4, kasi ya kukufanya ushindwe kuongea sentensi nzima, na dakika 3 za kutembea au kukimbia polepole katikati. Mara mbili kwa wiki zinatosha, zisikaribie siku ya mechi. Kuanzia Januari hadi Machi joto la Tanga lenye unyevu halina mzaha. Kimbia saa kumi na mbili asubuhi. Mchanga laini wa ufukweni Raskazone ni mzuri kwa kubadilisha mazingira, lakini wanaofanya kila kitu pale huishia kuumwa misuli ya ndama na kano za kisigino. Tumia ule mchanga mgumu uliolowa maji kupwa.

Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi, ukiwa umevaa vilevile na umejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho; irudishe kwa lita moja na nusu hivi, kidogokidogo, siyo kwa mkupuo. Dafu ni zuri ila lina potasiamu nyingi na chumvi chache, hivyo ongeza chumvi kidogo au kula kitu chenye chumvi pembeni. Mechi ikiwa saa kumi jioni, kula saa sita: wali au ndizi, samaki, mafuta kidogo. Chapati na maharage viache kwa kesho yake.

Kuna jambo la chakula linalowagusa wanawake zaidi, nalo ni madini ya chuma. Unayapoteza kila mwezi kwenye hedhi, na yakipungua, miguu inakuwa mizito dakika ya 60 na kocha anasema huna mazoezi. Dagaa, maini, kunde na mchicha vinasaidia, hasa ukila na chungwa la Muheza au ukikamulia limau. Chai ndiyo adui hapa: inazuia chuma kunyonywa mwilini, na sisi tunainywa pamoja na chakula asubuhi na usiku. Usiiache, isogeze tu. Kunywa saa moja kabla au baada ya kula. Ukichoka bila sababu kwa wiki kadhaa, kapime damu kabla ya kununua vidonge.

Ramadhani mazoezi mepesi yakae saa moja kabla ya magharibi, ili kiu isikae muda mrefu, na mazito yaje baada ya tarawehe. Mwambie kocha mapema kuwa umefunga. Akikuona umepoa bila kujua sababu atakuhukumu vibaya.

Hijabu haikuzuii kucheza. Sheria za mchezo ziliruhusu vifuniko vya kichwa rasmi mwaka 2014. Kiwe cheusi au rangi kuu ya jezi, na wote wanaovaa kwenye timu wavae rangi moja, kisishonewe kwenye jezi, kisining'inie, na shingoni kusiwe na kitu cha kumdhuru yeyote. Wengi hukwama kwa sababu ya pini. Mwamuzi akiiona atakutoa ukaivue, na timu itacheza pungufu dakika hizo. Shona cha kuvutika chenye mpira ukingoni. Suruali ya kubana ndani ya bukta nayo ifuate rangi ya bukta.

Sasa goti. Ndani ya goti kuna kano ambayo madaktari huiita ACL, na wanawake wanaocheza mpira huichana mara mbili au zaidi kuliko wanaume. Mara nyingi hakuna aliyekugusa: umetua kutoka kuruka, au umefunga breki kubadilisha mwelekeo, goti likaingia ndani. FIFA ina utaratibu wa kupasha mwili uitwao 11+, dakika 20, usiohitaji kifaa zaidi ya koni na mpira: mbio nyepesi dakika 8, nguvu na mizania dakika 10, mbio za kasi dakika 2. Fanya angalau mara mbili kwa wiki. Siku ya mechi fanya zile sehemu mbili za mbio tu.

Timu nyingi huruka zile dakika 10 za kati kwa kuwa zinachosha na hazina mpira. Ndizo zenye kazi. Ukichuchumaa au kutua, mwenzako asimame mbele yako atazame goti: linapaswa kuelekea zilipo ncha za vidole vya mguu. Likiingia ndani, anza upya kwa kasi ndogo. Zoezi jingine, piga magoti, mwenzako ashike vifundo vyako kwa nguvu, shuka mbele polepole mwili umenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, jidake kwa mikono. Mara 3 hadi 5 kwa anayeanza. Ukifanya 15 siku ya kwanza, kesho yake ngazi utazishuka kinyumenyume.

Goti likitoa mlio na kuvimba ndani ya saa chache, usikubali kuchuliwa. Toka uwanjani, kanda kwa barafu, nenda hospitali ya Bombo. Kano ikiwa imechanika na ukafanyiwa upasuaji, kurudi kwenye mechi kabla ya miezi 9 ni kujitafutia mchaniko wa pili, hata kama kiongozi wa timu anakupigia simu kila siku.

Viatu: viwanja vyetu vingi ni udongo mgumu. Njumu ndefu hazizami, zinakwama na kupeleka msukosuko kwenye goti. Chukua vyenye meno mengi mafupi. Ukinunua mitumba, kunja soli kwa mikono miwili. Ikifunguka gundi pembeni au ikikunjika katikati badala ya penye vidole, iache.

Soko sasa. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza, na klabu zinazotajwa zaidi kwa sasa, Simba Queens, JKT Queens na Yanga Princess, ziko Dar. Uwe tayari kupanda basi Kange. Aisha Masaka aliyetoka BK Häcken ya Sweden akajiunga na Brighton mwaka 2024, na Clara Luvanga wa Al Nassr ya Saudi Arabia, wote ni Watanzania washambuliaji. Mabao yao yanajitangaza yenyewe. Kazi ya kiungo haionekani kwenye ubao wa matokeo, kwa hiyo video ni lazima. Simu iwekwe juu, ilazwe, ioneshe upana wa uwanja, isikufuate wewe peke yako. Kata vipande vya dakika 4 kwa jumla, kila kimoja kianze sekunde 5 kabla hujapokea mpira, ili mtazamaji aone shingo yako. Weka na mipira uliyoipora. Ambatanisha mechi nzima moja, ambayo hamkushinda kwa mabao mengi.

Wakala awe na leseni ya FIFA, na jina lake lionekane kwenye orodha yao mtandaoni. Anayekuomba nauli ya majaribio Ulaya ukiwa na miaka 16 ni tapeli, maana uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa sababu chache.

Kwenye mkataba tafuta mshahara umetenganishwa na posho, tarehe ya kulipwa, nani analipia matibabu na hadi upasuaji, na tarehe ya mwisho. Kipengele kinachoipa klabu peke yake haki ya kuongeza mwaka, omba kifutwe. Uliza NSSF: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya 10. Mshahara wa miezi miwili ukikosekana, kanuni za FIFA zinakuruhusu kuidai klabu kwa maandishi na kuipa siku 15. Isipolipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Malalamiko ya mdomo kambini hayahesabiki. Ukipata ujauzito, kwa kanuni hizohizo za FIFA likizo ni wiki zisizopungua 14, kwa angalau theluthi mbili ya mshahara, na klabu haiwezi kukuacha kwa sababu hiyo. Ondoka na nakala yako iliyosainiwa siku hiyohiyo. Ile ya “tutakutumia” haiji.

Kabla ya yote hayo, panga meza moja cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, cheti cha shule na pasi ya kusafiria. Majina ya pwani huandikwa kila mtu avyosikia: Mwanahamisi hapa, Mwanakhamis kule, Saumu huku, Swaumu kule. Herufi moja au tarehe moja ikitofautiana, usajili unasimama hadi upate hati ya kiapo, na dirisha la usajili halikusubiri. Sahihisha ukiwa bado huna klabu.