Tivii ya ghorofani inakwama: ninunue meshi?

Kaka, umesema ruta iko sebuleni chini, tivii iko chumba cha juu, na kila ukiweka filamu inazunguka tu. Sasa fundi anataka kukuuzia meshi ya vifaa vitatu, yaani vifaa vinavyoshirikiana kusambaza Wi-Fi moja nyumba nzima. Subiri kidogo. Pima kasi ya intaneti kwanza ukiwa umesimama hapo kwenye tivii. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 15 (megabiti kwa sekunde) kwa picha ya 4K, kwa hiyo kama kifurushi chako ni cha Mbps 10, meshi haitakusaidia kitu.

Kama chini kasi ni nzuri na juu inakufa, basi adui ni zege. Mawimbi ya Wi-Fi ya 5 GHz yana kasi lakini hayapendi kuta, ya 2.4 GHz hupenya zaidi. Hapo vifaa viwili vinatosha. Cha pili usikibandike kando ya tivii (hata mimi nilikosea hapo), kiweke karibu na ngazi, mahali ambapo bado kinashika vizuri mawimbi ya cha kwanza. Ukiweza, viunganishe kwa waya. Bila waya, vile vya bei nafuu hutumia masafa yaleyale kuwasiliana vyenyewe na kuihudumia tivii, na kasi hushuka karibu nusu.