Huyo Zein ulimpendea nini?

Mwanangu, voisi yako nimeipata na nimeisikiza mara mbili. Waniuliza, "Mama, huyo Zein ulimpendea nini hivyo na hata uso wake hukuwahi kuuona?" Kweli, uso wa Zein l'Abdin, yule mwimbaji wa taarabu na mpiga udi, sikuuona. Nakuandikia manake nikianza kukueleza kwa simu netiwaki yakatika.

Nilkuwa na miaka 13, harusi ilkuwa mtaani Mkomani, hapa Amu (Lamu), wanaume wako nje na wapigaji, sie wanawake tuko juu na spika moja imefungwa dirishani. Wenzangu wasukumana wataka kuchungulia, mie nikakaa chini nimeegemea ukuta kwa sababu ule udi wa Zein ulishanishika. Udi mwanangu si kama gitaa, shingo yake haina vile vijichuma vya kukuonyesha pa kuweka kidole, kidole chenyewe ndo kijue, na nyuzi zimepangwa mbilimbili, basi Zein aliuanza peke yake, wengine wote wamenyamaza, wewe huku wangoja aimbe na yeye hana haraka hata kidogo. Halafu akaimba, na ndani yake akatamka mato.

Wewe hujui hilo neno lilivyonitesa. Shuleni nikisema mato, au ndiya, au yeo, mwalimu alkuwa akinisimamisha mbele, sema macho, sema njia, sema leo, na wenzangu ambao majumbani kwao wasema vivyo hivyo wakinicheka. Nikawa sifungui mdomo, mpaka darasa la tano nikaacha kwenda kabisa. Sasa huyu mtu mzima, mzaliwa wa papa hapa Amu, ameshahamia Mombasa, watu wamwita kwenye harusi zao wamtunza mapesa, na mato yake hakuyaacha huko njiani! Ayasema kwa spika, mji mzima wasikia na hakuna anayecheka. Wallahi nililia pale pale na sikujua nalilia nini.

Kesho yake nikamuuliza babu yako yale maneno, akanambia hayo ni mashairi ya wazee wetu. Baadaye sana ndo nikaja kujua kwamba Zein na Ustadh Ahmed Nabhany, yule wa Matondoni aliyetuletea neno runinga, walkuwa wakiyafukua mashairi ya karne ya 19, Zein ayatia sauti na udi. Hebu fikiria, mtu amekufa miaka 100 na zaidi, na maneno yake yanifikia mie msichana wa darasa la tano.

Babako akienda Mombasa sikumuagiza kanga, nilimuagiza kaseti, za Mbwana Radio Service, wale watoaji kaseti wa Mombasa. Nikisikia neno silijui nazima redio nakwenda kumuuliza nyanya yako, na akishindwa yeye namfuata bibi yeyote mkongwe mtaani, narudi nawasha tena. Wimbo mmoja waweza kunimalizia wiki. Zile beti nilokuwa nakuimbia nikikuogesha ukinipigia kelele sabuni yaingia matoni, zilitoka humo. Taarabu za sasa za kinanda sizichukii, harusini nasimama nacheza kama watu, lakini maneno yakimbia, hayakupi nafasi ya kuyashika.

Ndo maana 2016 alipofariki ulinikuta nalia ukadhani ni jamaa yetu. Mie nikiulizwa nani alonisomesha, namtaja yeye.

Kaseti zote zimeliwa na redio na chumvi, imebaki moja. Nshaifunga kwenye leso, Ijumaa navuka bahari mpaka Mokowe, huko bara, nimpe dereva wa basi, uipokee mwenyewe usimtume mtu. Tafuta fundi akutilie kwenye simu. Sikiza upande wa pili, wimbo wa kwanza, pale udi unaponyamaza kabla hajaingia. Na usiirudishe nyuma kwa redio mwanangu, tepu imechoka, izungushe kwa biki, polepole.