Masikio Yako: Mashine za Kusikia za Dukani, na Nani Atapokea Simu Yako

Nimeona mashine mbili za kusikia zinazouzwa Marekani bila karatasi ya daktari. Zinafanana umbo, zote za kuchaji, lakini moja bei yake ni mara tatu ya nyingine. Nalipia nini?

Hulipii nguvu zaidi. Kanuni za FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, zilizoanza kutumika Oktoba 17, 2022, zinaruhusu mashine hizi kwa watu wa miaka 18 na zaidi wanaoona kuwa usikivu wao umepungua kidogo au kwa kiasi cha kati. Ukomo wa sauti ni desibeli 111, au 117 kwa mashine inayobana sauti kubwa yenyewe. Ukomo huo ni mmoja kwa ya bei ndogo na ya bei kubwa.

Mara nyingi tofauti iko kwenye upangaji. Mashine rahisi huja na mipangilio michache ya kiwandani, nawe unachagua. Nyingine hukupigia milio myembamba na minene, kila sikio peke yake, ukigusa simu kila unaposikia. Kisha inajipanga kufuata majibu yako.

Tofauti nyingine ni huduma kwa wateja, na hii watu huidharau. Mashine ya kliniki huja na mtu wa kukupima, kukuvisha na kuirekebisha ukirudi kulalamika. Ya dukani imemwondoa mtu huyo, na hapo ndipo unafuu wake mwingi unapotoka. Kampuni isipoweka mwingine mahali pake, kazi inabaki kwako.

Kwa hiyo piga simu kabla ya kulipa. Uliza kama yupo mtaalamu wa usikivu au ni mhudumu anayesoma majibu kwenye skrini. Uliza kama anaweza kubadili mipangilio akiwa mbali, na kama msaada huo una mwisho. Vichujio vya kuzuia nta ya sikio na vipira vya sikioni vinauzwa peke yake? Betri ya ndani ikichoka, inabadilishwa au unanunua mashine nyingine? Ukisubiri nusu saa kabla hujawa mteja, usitegemee watakukimbilia ukishalipa.

Kisha geuza boksi. Masharti ya kurudisha lazima yaandikwe nje, lakini kanuni hizo zenyewe hazimlazimishi muuzaji kukubali mzigo urudi. Anaweza kuandika kwamba hapokei, isipokuwa pale ambapo sheria ya jimbo inamtaka apokee. Kama anatoa siku 45, jua zinahesabiwa tangu mzigo ulipotumwa au ulipofika, na kama kuna makato. Ubongo huchukua wiki kadhaa kuzoea sauti mpya, hivyo anza kuvaa siku ile ile, saa chache kwa siku, ukiongeza. Ukiiweka kabatini wiki mbili, umejipunja.

Sisi tungechukua ya bei ya kati yenye mtu anayepokea simu kuliko ya bei kubwa yenye roboti.

Mashine ya kushoto ya baba imefifia sauti. Muuzaji anataka irudishwe kiwandani, wiki tatu. Hakuna cha kujaribu nyumbani?

Kipo, na mhudumu anayeijua kazi yake angeanza nacho. Mara nyingi sana mashine iliyofifia imezibwa na nta tu.

Vua kipira cha silikoni kwenye ncha. Chini yake, kwenye tundu la spika, kuna kichujio chenye upana wa milimita moja hivi. Kikiwa na rangi ya kahawia au kinang'aa kwa mafuta, kimeziba. Usikichokoe kwa sindano, utasukuma nta ndani ya spika. Kijiti cha kubadilishia kina ncha mbili: iliyo tupu unaibonyeza kwenye kichujio cha zamani na kukivuta moja kwa moja, geuza kijiti, bonyeza kipya mpaka kikae, vuta kijiti, kipya kinabaki. Rudisha kipira ukihakikisha kimekaza, maana kilicholegea hubaki sikioni. Piga brashi kavu kwenye matundu ya maikrofoni pia, uso wa mashine ukiangalia chini ili vumbi lidondoke.

Bado? Badilishana spika za kulia na kushoto kama zinachomoka na nguvu zake ni sawa. Tatizo likihama na spika, agiza spika, si mashine nzima. Likibaki kwenye mwili wa mashine, basi ndiyo, iende kiwandani. Kwa zile za betri za kidonge: ukibandua karatasi, iache betri ipate hewa dakika chache kabla ya kuiweka.

Yangu inapiga mluzi, na sauti yangu naisikia kama niko ndani ya pipa.

Mluzi ni sauti inayovuja na kurudi kwenye maikrofoni: kipira ni kidogo, hakijaingia vizuri, au sikio lina nta. Pipa ni kinyume chake, umeziba mno. Jaribu kipira chenye matundu, saizi moja zaidi. Mluzi ukirudi, punguza sauti nyembamba kwanza, si sauti yote.

Sikio langu moja tu ndilo limepungua, ghafla, tangu juzi. Ninunue moja au jozi?

Usinunue yoyote. Nenda kwa daktari leo. Usikivu unaopotea ghafla hutibiwa kwa dawa, na kila siku inayopita inapunguza nafasi ya kuurudisha. Usaha, damu, maumivu au kizunguzungu navyo ni vya daktari kwanza.