Mjukuu wangu aadhibiwe mara ngapi?

SWALI: Asalaam aleykum Bi. Mimi ni nyanya wa Langoni, Lamu, napika mikate ya mofa. Mjukuu wangu ana miaka 13, hajabaleghe. Wiki iliyopita alichukua shilingi 2,400 kwenye kasha la duka ninalomtuma kila siku. Watu walimfunga mikono kwa kamba ya mashua wakamchapa mpaka mgongo ukavimba. Zilikutwa 900 mfukoni, zikarudishwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani amemfukuza, naye alikuwa amefika sura ya Yasin. Mtaani jina lake sasa ni Mwizi. Barazani mzee mmoja kasema zamani angekatwa mkono, na mwenye duka asema atampeleka polisi. Huyu mtoto ana hatia kwa nani? Na kosa moja huadhibiwa mara ngapi?

JIBU: Waaleykum salaam, nyanya. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama penye ile kamba.

Kwanza huyo mzee wa barazani. Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mwendawazimu mpaka apate akili, na mtoto mpaka abaleghe. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, asiyeota ndoto ya kubaleghe hungojewa atimize miaka 15 ya mwezi mwandamo. Basi mkono wa mjukuu wako hauna wa kuukata. Hata angekuwa mtu mzima, kadhi wa Kenya hana kesi ya wizi. Katiba, ibara ya 170, imempa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi, basi.

Lakini utoto haufuti deni. Shilingi 1,500 zilizobaki ni haki ya mja, na lazima zirudi.

Kwa serikali, Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Aliye chini ya miaka 14, kama wako, huchukuliwa kuwa hajui kupambanua jema na baya mpaka mahakama ithibitishiwe kinyume chake. Akipatikana na kosa, hahukumiwi kifungo cha jela. Mwenye duka ana haki ya kwenda polisi, na akienda, nenda na wewe kwa afisa wa watoto, kwa sababu sheria hiyo inaruhusu jambo kama hili limalizwe nje ya mahakama. Waliomfunga kamba ndio wenye la kujibu: kumpiga mtu ni jinai, awe mwizi asiwe mwizi. Mpeleke hospitali leo, daktari auone mgongo na auandike.

Linaloniuma zaidi ni lile jina. Nilikulia Mkomani, Lamu, wakati Ngome ya mji bado ni jela. Ilikuwa jela tangu 1910 hadi 1984. Jirani yetu aliingia humo miezi sita kwa kuiba nanga ya jahazi. Alitoka, akaoa, akavua samaki, akalea watoto wanne. Mji mzima ukamwita Nanga. Siku alipokufa, mtangazaji wa msiba alitaja jina lake na la baba yake, watu wakatazamana. Ikabidi aseme "Nanga", ndipo wakainuka kwenda kumzika. Hakimu alimpa miezi sita. Sisi tulimpa umri wake wote, na hakuna aliyekaa akatuuliza kwa hukumu ya nani.

Kwa hiyo, nyanya, usizilipe 1,500 kwa jasho lako peke yako. Mgongo ukipona, atembeze mikate alfajiri kabla ya shule, faida yake iwekwe kando kwenye kikopo anachokiona. Zikitimia, mfuatane baada ya Alasiri, na umchukue mtu mzima mnayemheshimu nyote. Mtoto mwenyewe amhesabie mwenye duka mkononi, amwombe radhi. Kisha mwombe mwenye duka atamke mbele ya shahidi kwamba hadai tena, na amtume kitu palepale, hata kibiriti, kwa jina lake alilopewa na wazazi.

Kutoka hapo mwende kwa mwalimu wa chuo. Mwambieni deni limelipwa, na mtoto alikuwa amefika Yasin. Aanzie hapo hapo.