Kuruti, bunduki utaizoea. Daftari je?

Vijana mliotoka mafunzoni juzi, karibuni Murchison, hifadhi ya wanyama hapa kwetu Uganda. Najua mnachokiota: doria ya kwanza, silaha begani, jangili mbele yako. Yatakuja hayo. Bunduki utaizoea ndani ya wiki mbili; kitakachokusumbua miaka yote ni daftari.

Mwaka wangu wa pili tulimkamata mtu upande wa kaskazini wa Nile, ana nyama ya swala na waya uliofungwa kitanzi. Waya wenyewe ni ule wa kwenye tairi bovu: tairi linachomwa, mpira unaungua, nyuzi za chuma zinabaki. Nikautupa nyuma ya gari pamoja na nyingine tulizong'oa asubuhi ile. Mahakamani wakili akaomba rundo lile liwekwe mezani, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Afande, wa mteja wangu ni upi?" Jasho lilinitoka. Sikujua. Jamaa alifika kwao kabla yangu kufika kituoni.

Kwa hiyo, ukikuta mtego usikimbilie kuukata. Piga picha kwanza ukiwa bado umefungwa mtini. Andika saa, andika alama za GPS, funga karatasi yenye namba, uwe peke yake kwenye mfuko wake. Halafu angalia: mti umechunwa gome upya au kovu limekauka? Waya una kutu? Na usiondoke na mmoja. Anayetega hategi mmoja, hufuata njia ya wanyama, kwa hiyo tembea hiyo njia taratibu mpaka iishe. Kumbuka mtego hauchagui. Umetegwa kwa ajili ya swala, lakini utakutana na simba anayechechemea kwa miguu mitatu na tembo aliyekatika ncha ya mkonga.

Sheria ya Wanyamapori ya 2019 ina meno. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20, na Kampala tangu 2017 kuna mahakama inayosikiliza kesi zetu hizi. Lakini meno hayo hayaumi bila ushahidi. Mwaka 2020, wakati wa korona, watalii hawapo, gorila mkubwa aliyeitwa Rafiki, kiongozi wa kundi la Nkuringo kule Bwindi, aliuawa na mwindaji. Askari waliomsaka muuaji walimkuta mtu nyumbani na nyama ya nguruwe mwitu na zana za kuwindia. Kabla ya miezi miwili kwisha alikuwa amehukumiwa miaka 11. Kazi ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka kwenu.

Sasa suala la vijiji, ambalo mafunzoni mlipewa kipindi kimoja tu, nadhani baada ya chakula cha mchana. Sisi kambini tunaongea Kiswahili kwa sababu huyu Mkonjo, yule Mkaramoja, yule Mwacholi. Sawa. Lakini usiingie kijijini na sare na Kiswahili cha kufoka. Wazee wa hapa Kiswahili walikisikia kwa watu wenye bunduki, enzi mbaya. Nilimwona bibi mmoja akiacha karanga zake juani na kuingia ndani kwa sababu tu mwenzangu alipaza sauti kumsalimu. Jifunze salamu ya Kiacholi, "Kop ango?", yaani habari gani. Ukijibiwa "Kop pe," yaani hakuna habari, kaa chini kwanza.

Tembo wakila mihogo usiku na ukaitwa, nenda. Hata kama watakuwa wamesharudi porini, nenda. Mtu aliyepiga simu mara tatu bila kumwona askari hatakupigia ya nne akimwona mgeni anapita na mkuki. Na hapo tena daftari: zamani mkulima alikuwa anapewa pole tu, lakini sheria ya 2019 imeleta fidia kwa mtu aliyeuawa, kujeruhiwa au kuharibiwa mali nje ya hifadhi. Pima shamba kwa hatua, piga picha nyayo, andika jina la mwenye shamba sawasawa. Ukiandika "mihogo imeliwa" basi, umemnyima haki yake wewe, si tembo.

Watakuuliza pia pesa ya watalii inakwenda wapi. Waambie asilimia 20 ya kiingilio cha getini hurudi kwa jamii zinazopakana na hifadhi kupitia serikali za mitaa. Miradi iliyokwama usiitetee. Si kazi yako, na uongo wako watakuja kuukumbuka.

Jambo la mwisho ni dogo. Andikia penseli. Msimu wa mvua utalala na nguo zilizolowa, na wino wa kalamu utakuachia kurasa za bluu zisizosomeka. Nyembe ya kuchongea niko nayo, njooni muazime.